Jiko la mtindo wa shamba katika nyumba ya matofali ya kuchoma: nianzie wapi?

Mkazi wa Mufindi

Habari za wakati huu ndugu zangu, na shikamooni wote mlionizidi umri. Mimi na mume wangu tumehamia katika nyumba ya familia iliyo nje kidogo ya mji wa Mafinga, nyumba ya matofali ya kuchoma iliyoezekwa bati, na baada ya kukarabati vyumba vya kulala sasa imefika zamu ya jikoni. Chumba chenyewe kina urefu wa mita 4 na upana wa mita 3.5, kina dirisha moja dogo linalotazama mashariki na mlango wa kutokea uani, na hakijapigwa dari. Makabati yanayong'aa na marumaru za kutoka chini hadi juu, ambavyo naviona karibu katika kila nyumba mpya, havinivutii. Ninachotamani ni jiko lenye sura ya shamba: matofali yaonekane, miti ya paa ionekane darini, meza ya kazi iwe ya mbao nene, vyombo vya kila siku vikae kwenye rafu zilizo wazi, sakafu iwe nyekundu ya kung'arishwa kwa nta, na karo liwe kubwa na lenye kina, mtu aweze kuosha sufuria ya shughuli bila kujimwagia maji miguuni.

Yananitatiza mambo kadhaa. Ukuta wa upande mmoja umeshapigwa lipu na mwingine haujapigwa, na sijui kama ni busara kubandua lipu ile ili matofali yaonekane kote. Kuhusu mbao, wauzaji wa hapa kila mmoja anasifia aliyonayo. Kisha kuna suala la meko ya kuni: mwezi wa sita na wa saba kwetu ni baridi na ukungu, nami natamani meko ndani, pembeni mwa jiko la gesi, lakini masizi siyataki.

Liko pia jambo ambalo si la ufundi. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye na ninayemheshimu sana, alisikiliza mipango yangu hadi mwisho, kisha akaniuliza kama nilisoma ili nirudi kupikia katika jiko lile lile alilolikimbia yeye. Swali lake naliona lina uzito, na ningependa kusikia mnavyolipima.

Fundi wa Keko

Dada, hongereni kwa nyumba. Nitajibu la mbao peke yake, kwa kuwa ndilo ninalolifanyia kazi kila siku, na la ukuta nitawaachia waashi.

Mko jirani na Sao Hill, msitu wa kupandwa ulio mkubwa kuliko yote nchini, kwa hiyo paini mtaipata kwa bei ambayo sisi wa Dar es Salaam tunaisikia tu. Itumieni bila wasiwasi kwenye rafu, dari na miguu ya meza, ila msiiweke juu ya meza ya kazi, maana ni laini, kisu kikiteleza kinaiachia mtaro, na penye vifundo hutoa utomvu pakipata joto la sufuria. Kwa uso wa meza tafuteni mninga au mtiki. Mninga hunywea kidogo sana unapokauka, na ndiyo sababu mlango wa mninga uliotengenezwa miaka mingi iliyopita bado hufunga vizuri kwenye fremu yake. Mtiki wa mashamba ya serikali kama Longuza kule Muheza na Mtibwa kule Morogoro una mafuta yake ya asili na huvumilia maji. Mninga hutoka katika misitu ya asili, hivyo mdaini muuzaji nyaraka za uvunaji kabla hamjalipa. Watakaowashawishi kuchukua mkaratusi kwa sababu ni mgumu na wa bei nafuu wanasema kweli kuhusu ugumu, lakini hawawaambii jinsi unavyopasuka na kujipinda ukiwa unakauka.

Na ukavu ndilo jambo linalowaponza wengi kuliko aina ya mti. Mbao inayokaushwa kwa hewa, chini ya paa na kwa kupangwa na vipande vya kuipa nafasi, huhitaji takriban mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene, na katika ukungu wa Mufindi msitarajie iwe haraka zaidi. Mbao nyingi za barabarani huuzwa mbichi. Kama fundi wenu hana kipimo cha unyevu, kateni kipande kidogo, kipimeni uzito kwenye mizani ya dukani, kiacheni ndani ya nyumba kwa wiki kadhaa kisha kipimeni tena. Kikiendelea kupungua, mbao haijawa tayari. Ikiwa kipimo kipo, lengeni unyevu wa asilimia 12 hivi. Hata mbao kavu hupanuka na kunywea kwa upana wake majira yakibadilika, ingawa kwa urefu haiendi popote, kwa hiyo skrubu zinazofunga uso wa meza kwenye fremu zipite katika matundu marefu, siyo ya duara, ili mbao ipate pa kusogea badala ya kupasuka.

Vanishi ya kung'aa siipendekezi kwa meza ya jikoni, kwa sababu maji yakishapenya mahali pamoja huibandua na kuacha madoa meusi ambayo hayatoki mpaka uso wote urandwe upya. Afadhali mafuta ya kitani yaliyo safi, yasiyotiwa dawa za kuharakisha ukavu, yapakwe mara kadhaa kwa tabaka nyembamba, kisha yafuatiwe na nta ya nyuki. Mafuta ya kitani ya dukani yanayokauka upesi huwa yana chumvi za madini, hayo yaacheni kwa milango na madirisha. Mafuta ya alizeti nayo msiyapake, kwani hayakauki bali huganda na kutoa harufu. Tahadhari kubwa ni ya matambara: tambara lililolowa mafuta ya kitani, likikunjwa na kutupwa kwenye kona, hupata joto lenyewe na linaweza kuwaka bila mtu kuligusa na kiberiti. Yatandazeni nje yakauke, au yalowekeni ndani ya maji.

Mwisho, mkipenda sura ya mbao kuukuu, epukeni vipande vya nguzo za umeme na mbao zozote zenye rangi ya kijani ya dawa. Dawa hiyo mara nyingi huwa na shaba, kromi na aseniki, haifai kugusana na chakula, na vipande vyake havifai hata kuchochea moto. Paleti za bandarini nazo zitazameni muhuri: herufi HT maana yake mbao ilitiwa joto, herufi MB maana yake ilifukizwa kwa gesi ya sumu, na hizo za pili zirudisheni zilikotoka.

Mpenda Marumaru

Dada yangu, naomba niwe mkweli. Tofali la kuchoma lililoachwa wazi linatoa vumbi, linanyonya mafuta ya kukaangia, na buibui wanajenga katika kila kiungo. Rafu zilizo wazi ndizo balaa zaidi, kwa sababu baada ya miezi michache kila sahani inakuwa na utando wa mafuta na vumbi, na atakayeziosha ni wewe. Marumaru unafuta kwa kitambaa, kazi imeisha. Watu hawakuyakimbilia makabati kwa kupenda fahari tu.

Mkaaji wa Yorkshire

Mpenda Marumaru ana hoja, ila naona anailenga kwenye kifaa badala ya mahali kinapowekwa. Ninaishi kaskazini mwa Uingereza, katika eneo la wafugaji wa kondoo, na majiko ya mashamba ninayoingia huku hayana matofali wazi nyuma ya moto wala karibu na karo. Penye maji na mafuta huwekwa vigae, jiwe au chokaa inayopakwa upya. Mbao na matofali huachwa upande usiorukiwa na kitu. Rafu iliyo wazi hubeba vyombo vinavyotumika kila siku peke yake, na kwa kuwa vinaoshwa kila siku, vumbi halipati muda wa kukaa juu yake. Sahani za wageni zina kabati lenye mlango.

Jambo ambalo ningekuomba ulifikirie kabla ya lolote ni kama unahitaji makabati ya kujengewa. Jiko lililopangwa kwa makabati mfululizo ukutani, lenye uso mmoja wa kazi, ni wazo la mijini na la karne iliyopita. Mfano wake unaotajwa zaidi ni ule uliobuniwa na Margarete Schütte-Lihotzky mwaka 1926 kwa ajili ya nyumba ndogo za wafanyakazi wa Frankfurt, ambako nafasi ilikuwa haba. Jiko la shamba lilikuwa chumba chenye samani: meza kubwa katikati, kabati refu la vyombo lililosimama kwa miguu yake, benchi ukutani, na kila kimoja kingeweza kuhamishwa siku ya shughuli au ya kusugua sakafu. Chumba chako cha mita 4 kwa 3.5 kinatosha kabisa kwa mpangilio huo. Meza moja nzito na kabati moja la kutengenezwa na seremala wa hapo hapo vitakupa sura unayoitafuta kuliko mapambo yoyote ya kununua, na gharama utakayoiepuka kwa kutojengea makabati huenda ikalipia mninga. Meza za mashamba ya huku hazipakwi kitu kabisa. Husuguliwa kwa brashi ngumu na maji ya sabuni kwa kufuata uzi wa mbao, miaka nenda miaka rudi, mpaka sehemu laini za mbao zinalika na nyuzi ngumu zinasimama juu, na ukipitisha kiganja unazihisi.

Karo la kauri lenye kina, ambalo huku hupewa jina la mji wa Belfast, ni zuri kwa macho, lakini lina uzito wa zaidi ya kilo 30 likiwa tupu, halisameheki likidondokewa na sufuria ya chuma, na sahani ikiteleza mkononi ndiyo imekwenda. Kulisafirisha hadi Mafinga likiwa zima ni bahati nasibu. Nadhani waashi wa nyumbani wanaweza kukutengenezea lililo bora zaidi kwa matumizi yako.

Kuhusu mama mkwe, ningemweleza habari ya jiko la chuma la Aga, ambalo leo watu wa mijini huku hulinunua kwa fedha nyingi ili nyumba zao zionekane za kishamba. Lilibuniwa mwaka 1922 na Msweden Gustaf Dalén, mshindi wa tuzo ya Nobel ya fizikia, na lilipotoka lilikuwa kifaa cha kisasa kabisa, kilichokusudiwa kumpunguzia mpishi moshi, kuni na kazi ya kuchungulia moto kila mara. Watu wa mashamba walilipenda kwa sababu hiyo, na sura yake ikaja kupendwa baadaye. Kwa hiyo weka gesi yako, weka taa za kutosha, panua lile dirisha dogo. Hakuna hata kimoja kinacholiondolea jiko lako ushamba wake.

Mama wa Njombe

Marahaba, mwanangu. Mama mkwe wako hajakosea, na wala usimwone kuwa hajui mambo ya kisasa. Alichokikimbia ni moshi wa machoni, giza la mchana kweupe, na mgongo uliopinda juu ya mafiga tangu alfajiri. Jiko la zamani lilikuwa kazi tupu, hata kama leo kuta zake zinapigwa picha.

Ila naye akumbuke kwamba moshi ule ulikuwa na kazi yake. Juu ya mafiga kulikuwa na chanja, na juu ya chanja yalikaa mahindi ya mbegu, maana wadudu hawakuupenda moshi. Fito na miti ya paa ilipakwa masizi mpaka ikawa nyeusi ya kung'aa, na mdudu hakuitoboa. Wewe unataka miti ionekane darini bila moshi, na hilo ni jema kwa mapafu yako, lakini jua kwamba umemwondoa mlinzi, kwa hiyo muulize fundi dawa ya mbao kabla hamjapigilia.

Ushauri wangu mwingine ni huu: mwombe mama akupangie urefu wa meza na mahali pa kukaa. Wengi wetu tunafanya kazi tukiwa tumeketi kwenye kigoda, tunapepeta, tunachambua mboga, tunamenya viazi, na majiko mapya yote yametengenezewa mtu anayesimama. Ukiacha nafasi wazi ya sakafu karibu na mlango wa uani, penye mwanga, yenye ndoano za kuning'iniza ungo na vikapu, utashangaa jinsi atakavyolipenda jiko hilo. Vikapu vyetu vya Iringa vinasukwa kwa milulu. Usiviloweke wala kuvibana kwenye ukuta wenye unyevu, kwa sababu ukungu wa Mufindi unaviotesha kuvu upesi. Na ukipata nafasi ya kufika Matema, kando ya Ziwa Nyasa, nunua vyungu vya Wakisi moja kwa moja kwa akina mama wanaovifinyanga pale Ikombe. Ni vyepesi kuliko vinavyoonekana na vinapika maharage vizuri, kwa hiyo usiviweke rafuni kama sanamu.

Fundi wa Keko

Mama, shikamoo, na asante kwa kunikumbusha. Dawa iliyo rahisi kwa mbao za darini ni mchanganyiko wa boraksi na asidi ya boriki uliyeyushwa katika maji ya moto, unapakwa kwa brashi mara mbili au tatu kwenye mbao tupu kabla ya mafuta au rangi. Huoshwa na maji, kwa hiyo inafaa ndani peke yake, chini ya paa lisilovuja. Kwa uso wa meza ya kukandia unga msiitumie.

Mzawa wa Lamu

Nimeona chokaa imetajwa kwa kupita tu, na mimi ndiyo ningeiweka mbele. Huku kwetu Lamu majumba ya mawe yamepakwa chokaa kwa karne nyingi, na sehemu za fahari zikamalizwa kwa neru, ile chokaa laini iliyosuguliwa mpaka ikawa na mng'ao wake. Kuta hizo zina zidaka, vishimo vya kuwekea vyombo vilivyojengwa ndani ya unene wa ukuta, na hilo ndugu yetu wa Mufindi anaweza kuliiga bila gharama: kama ukuta wake una unene wa tofali mbili, mwashi mzuri atampatia kidaka kimoja au viwili karibu na jiko kwa ajili ya chumvi, bizari na kiberiti, na asihitaji rafu hapo kabisa. Jiko lenyewe katika majumba hayo aghalabu lilikuwa juu kabisa, karibu na paa, ili moshi na joto viende zao bila kupita vyumbani.

Chokaa ya matumbawe isitafutwe huko bara. Chokaa ya mifuko inayouzwa madukani inatosha. Ichanganywe na maji jioni, ilale, na asubuhi iongezwe maji mpaka iwe nyepesi kama maziwa. Ukuta unyunyiziwe maji kwanza, kisha upakwe tabaka nyembamba tatu au nne, kila moja ikisubiri iliyotangulia ikauke. Ikipakwa nzito kwa papara itabanduka kwa maganda. Haishiki juu ya rangi ya mafuta, lakini kwenye tofali tupu inashika vizuri sana, inaacha ukuta upumue, na sura ya tofali haipotei chini yake. Kwa jiko lenye dirisha moja dogo, weupe huo utaongeza mwanga kuliko ukuta mwekundu wa tofali tupu, ambao usiku hunywa mwanga wote wa taa. Mpakaji avae glavu na miwani, kwani chokaa mbichi huunguza ngozi, na ikiingia jichoni ni hatari.

Ombi moja: mkiona picha za dari za pwani zenye boriti za mikoko, msiagize boriti hizo kwa ajili ya mapambo. Mikoko inalindwa kwa sheria pande zote mbili za mpaka, na uvunaji wake unahitaji kibali. Miti ya kwenu inatosha na ndiyo inayolingana na nyumba.

Mkazi wa Mufindi

Nawashukuru sana nyote, na Mama wa Njombe shikamoo tena. Nimesoma majibu haya kwa sauti mbele ya mama mkwe, naye ametoa masharti yake: dirisha lipanuliwe kabla ya jambo lolote, na pale penye mwanga mlangoni pawe pake. Amekubali matofali yapakwe chokaa. Nimeachana na makabati ya kujengewa. Yaliyobaki ni lipu ya ule ukuta mmoja, karo, sakafu, na meko, ambayo bado nayatamani na yeye bado hayataki ndani. Je, kuna mwashi humu anayeweza kutuamulia?

Mwashi wa Iringa

Habari dada, nimejenga na kukarabati nyumba nyingi za aina hiyo, na nitazungumza kwa kufuata hali halisi ya matofali ya kwetu.

Tofali la tanuri la kijijini haliivi sawasawa. Lililokaa karibu na moto huwa gumu na jeusi kidogo, la pembeni huwa jekundu mpauko na laini, na mwashi aliyejua kwamba ukuta utapigwa lipu hakuhangaika kuyachagua wala kunyoosha viungo. Zaidi ya hayo, nyumba nyingi za zamani zimejengwa kwa udongo kati ya matofali, siyo saruji. Kwa hiyo usibandue lipu yote kwa matumaini. Chukua tindo na nyundo, fungua eneo dogo nyuma ya mlango, lisilozidi nusu mita kwa nusu mita, uone kama lipu inatoka peke yake au inaondoka na uso wa tofali. Ikiondoka na uso wa tofali, iache lipu ilivyo, ipake chokaa, na matofali yaonekane kwenye ule ukuta mwingine tu. Jiko halilazimiki kuwa na kuta zinazofanana.

Penye matofali wazi, kwangua viungo kwa kina cha sentimita 2 hivi, ondoa vumbi kwa brashi na maji, kisha jaza kwa chokaa na mchanga, sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga. Watu hukimbilia saruji, nayo ni ngumu kuliko tofali laini. Unyevu unaposhindwa kupita kwenye kiungo hupitia kwenye tofali lenyewe, na baada ya misimu michache uso wa tofali huanza kumeguka huku viungo vimebaki vimesimama. Ukiona unga mweupe unatokea ukutani, hiyo ni chumvi inayoletwa na maji. Isugue ikiwa kavu na utafute maji yanatoka wapi kabla ya kupaka chochote. Nyuma ya jiko la gesi na karo piga lipu laini ya saruji kwa urefu wa sentimita 60 juu ya meza, au weka vigae, na hapo Mpenda Marumaru atakuwa amepata haki yake.

Sakafu nyekundu ni kazi ya kawaida. Juu ya zege safi hupigwa tabaka la saruji na mchanga laini, na kabla halijakauka hunyunyiziwa saruji iliyochanganywa na oksaidi nyekundu, kisha husuguliwa kwa mwiko wa chuma mpaka ing'ae. Oksaidi isizidi asilimia 10 ya uzito wa saruji, kwani ikizidi inaudhoofisha uso na rangi haikolei zaidi. Changanya yote ya chumba kizima kwa wakati mmoja ikiwa kavu, ama sivyo utapata mabaka. Iloweshwe kwa angalau siku 7, na nta isubiri mpaka sakafu ikauke kabisa. Mbele ya karo usipake nta, kwa sababu mtu mzima akiteleza hapo ni kuvunjika nyonga.

Karo litengenezwe hapo hapo kwa zege lenye nondo nyembamba na kumalizwa kwa teraso, yaani saruji yenye vipande vidogo vya mawe iliyosuguliwa mpaka ikawa laini, likae juu ya vikuta viwili vya matofali, na sehemu ya chini iachwe wazi kwa ndoo au ifunikwe na pazia la kitenge. Sakafu ya karo iteremke kuelekea tundu la maji, na pembe za ndani zisuguliwe ziwe za mviringo ili ukoko usijifiche. Ujue tu kwamba ndimu na siki hula teraso, kwa hiyo vikimwagika visuuzwe mara moja.

Sasa meko. Kwa hili nakubaliana na mama mkwe kama yanayozungumzwa ni mafiga ya wazi ndani ya chumba. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, na jiko la mkaa linaloingizwa ndani kwa ajili ya joto ndilo baya zaidi, kwa kuwa gesi yake haina harufu wala moshi wa kumwonya mtu. Lakini meko yaliyojengwa kwa matofali, yenye mlango mdogo wa kuni na dohani inayovuta, ni jambo jingine. Yajengwe kwenye ukuta wa nje. Dohani itoke juu ya bati kwa sentimita 90 au zaidi, na izidi kwa sentimita 60 sehemu yoyote ya paa iliyo ndani ya mita 3 kutoka ilipo, vinginevyo upepo wa vilimani utaurudisha moshi ndani. Mbao zote za paa na dari zikae mbali na dohani, nafasi isipungue sentimita 5 hata kama dohani ni ya matofali, na kama ni bomba la chuma nafasi iwe kubwa zaidi sana na iachwe bila kujazwa kitu. Iachiwe pia kijidirisha cha kuzolea masizi chini.

Kama bado hataki, jenga meko hayo uani chini ya kibanda cha bati, ukuta kwa ukuta na jiko, na uache nafasi ya kutoboa baadaye.

Kazi ianze na dirisha na dohani, zifuate nyaya na mabomba, kisha dari, kuta, na sakafu iwe ya mwisho kabla ya samani kuingia. Ukishafungua lile eneo nyuma ya mlango, mwagia tofali maji kidogo na utazame yanavyonyonywa. Yakipotea papo hapo na tofali likamenyeka kwa ukucha, halikuiva, na ukuta huo usiubandue zaidi ya hapo. Weka picha hapa na nitakwambia cha kufanya.